Utafiti Wetu, Shahada Yake

Wanafunzi wa uzamivu wanaokuja hapa Nyarugusu siku hizi wengi wanasema utafiti wao "unaongozwa na jamii". Neno zuri. Lakini mwisho wa safari chuo kinamtaka mwanafunzi aandike mwanzoni mwa tasnifu kwamba kazi hii ni yake mwenyewe, halafu aweke sahihi. Sasa, kama ni yake mwenyewe, sisi tuliongoza nini? Na kama kweli tuliongoza, sahihi ile anaiwekaje?

Mtu atasema nagombania karatasi. Hapana, shahada achukue, ameisomea. Nagombania swali. Anayechagua swali ndiye anayechagua kipi kitaonekana na kipi kitabaki gizani.

Vijana wa kikundi chetu waliwahi kukaa na mwanafunzi mmoja, wakamwambia wanataka ijulikane kwa nini mtu anamaliza sekondari kambini halafu anabaki kukaa tu. Akaandika yote. Miezi miwili baadaye akarudi, swali limegeuka: eti sasa ni namna vijana wanavyokabili msongo wa mawazo. Msimamizi wake alisema lile la kwanza halileti jambo jipya kwenye nadharia. Jamani, msongo wenyewe unatoka wapi, si kwenye huko kukaa? Mwisho vijana waliomtafsiria wakaingia kwenye ukurasa wa shukrani kama "vijana wa kambi", bila majina.

Hakuwa mtu mbaya. Ufadhili wake ulikuwa na tarehe ya mwisho, kibali cha utafiti hivyo hivyo, na ruhusa ya kuingia kambini pia. Kule chuoni yeye ndiye mdogo kuliko wote. Tulimtupia lawama kwa sababu ndiye tuliyekuwa tunamuona. Mimi nadhani deni kubwa liko kwa wanaosimamia mafunzo yake: wanamfundisha kuandika "jamii" kwenye ombi la fedha, halafu wanampa ratiba isiyo na nafasi ya kuisikiliza.

Na si kwamba haiwezekani. Hapa hapa Tanzania, miaka ya 1970, Mfini Marja-Liisa Swantz na wenzake walikaa vijijini Bagamoyo kwenye mradi wa Jipemoyo, wanakijiji wakachunguza matatizo yao pamoja na watafiti. Kusini mwa Afrika, Wasan walitoa kanuni zao za maadili mwaka 2017. Ukitaka kuwatafiti, pendekezo lako linapita kwanza kwenye baraza lao.

Ila na sisi tuwe wakweli. Jamii ni nani? Mara nyingi ni mwenyekiti wa zoni na wanaume watatu wanaojua Kifaransa au Kiingereza. Mama anayepanga foleni ya mgao hajaulizwa. Tukipewa usukani kesho, watashika wale wale, na utafiti utaitwa wa jamii vile vile.

Kwa hiyo ninachotaka ni kidogo, tena kinawezekana. Chuo kimpe mwanafunzi miezi ya mwanzo bila swali, akae, asikie, na muda huo uhesabiwe kuwa masomo, usionekane uvivu. Msimamizi akitaka kubadilisha swali, watu waliolitoa wawepo kwenye kikao hicho, hata kwa simu. Nadharia wapime wenyewe, sisi hatuna haja nayo. Lakini kama aliyoahidi kambini ameyatimiza, hilo maprofesa hawawezi kulijua bila kutuuliza.

Siku ya kuitetea tasnifu ukumbini hatutakuwepo, hilo tunajua. Sisi hata kwenda Kasulu mjini tunahitaji kibali. Ila namba za simu anazo. Alizichukua siku ya kwanza, kwenye fomu ya mahudhurio.