Majina ya Jirani Katika Simu Zetu

Siku hizi twasikia mara kwa mara neno hili: "Mimi sina la kuficha, atakaye kuona simu yangu na aone." Neno hili lafanana na neno la mtu mnyofu, na kwa hiyo wengi hulikubali. Lakini yafaa tulipime kwanza, maana ndani yake mna kosa.

Tutwae mfano wa huku Ruhembe, wilaya ya Kilosa. Wengi ni wakulima wa miwa, na fedha ya miwa haiji kila mwezi. Shamba lataka palizi, mtoto adaiwa ada, na malipo bado. Tuseme mkulima mmoja afungua simu yake, aona programu ya mkopo. Haombwi shamba wala nyumba kuwa rehani. Aulizwa tu kama aruhusu programu hiyo isome majina na namba zilizomo katika simu. Abonyeza "kubali", na fedha yaingia. Kumbe rehani amekwisha kuitoa, wala si mali yake: ni majina ya mkwewe, ya mwajiri wake, na ya jirani aliyempa namba ili aitwe usiku wa ugonjwa. Siku ya kulipa ikipita, watu hao huletewa ujumbe kwamba fulani ni mdeni asiyelipa.

Mambo haya si hadithi. Watu wengi katika Tanzania walilalamika kwa kuaibishwa namna hii. Na mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Sheria nayo ipo. Katiba ya mwaka 1977, Ibara ya 16, yataka nafsi ya mtu, nyumba yake na mawasiliano yake yaheshimiwe. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na iko Tume ya kupokea malalamiko. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Ujumbe ukiisha kusomwa na mkwe, hakuna hakimu awezaye kuufuta moyoni mwake.

Basi turudi kwenye neno lile la kwanza. Mtu afungapo mlango ahesabu fedha yake, au azungumze na mgonjwa, hafichi uovu, alinda heshima. Deni pia si uovu. Mdeni yampasa kulipa, na mkopeshaji ana haki ya kumdai yeye mwenyewe. Lakini hana haki ya kuitangaza shida yake kwa ukoo mzima.

Na liko jambo kubwa zaidi. Hata kama sisi hatuna la kuficha, simu zetu si zetu peke yetu. Zimo namba tulizopewa kwa kuaminiwa, picha za watoto wa wenzetu, na maneno ya watu waliotueleza taabu zao. Hayo yote ni amana. Na mwenye kushika amana hawezi kusema, "Mimi naruhusu," maana ruhusa si yake kuitoa.

Kwa hiyo, kabla ya kubonyeza tusome tunachoombwa. Programu ya mkopo ikitaka majina ya watu, tuikatae mapema. Kuifuta baadaye hakurudishi yaliyokwisha kunakiliwa. Vijana wajuao mambo haya wawasaidie wazee kwa upole, wala wasiwacheke.

Tena huenda ujumbe wa namna hiyo utatufikia sisi, ukilitaja jina la jirani. Hapo ndipo tutakapopimwa. Tusiwapelekee wengine, wala tusiusome barazani. Tuufute, tukamwone jirani yetu, tumwulize kama watoto wamekula.