Kabla Mali Mali Hajabisha Hodi

Sauti ya mali mali husikika mapema katika mitaa ya Eastlands, Nairobi. Hupita Jericho, Maringo na Makongeni hadi Umoja, mabeseni ya plastiki yamepandana kichwani, akiita wenye nguo kuukuu watoke wabadilishane naye. Suti ya marehemu babu inaondoka, beseni jekundu linabaki. Muda si mrefu anafuata kijana wa chuma chakavu na mkokoteni wake. Huyu hana haja na nguo. Anataka pasi ya makaa iliyokaa chini ya kitanda miaka mingi, karabai isiyowashwa tangu stima ifike, birika lililotoboka. Ananunua kwa kilo, na kwenye mizani yake pasi iliyonyoosha sare za shule za watoto saba ni uzito tu, sawa na kipande cha bomba.

Hakuna anayewalaumu wawili hawa. Wanatafuta riziki, na mwenye nyumba naye anahitaji beseni. Lakini kila asubuhi sehemu ya historia ya Nairobi huondoka kwa njia hiyo, na ni wachache wanaosimama kuitazama inavyokwenda.

Wengi waliokulia Eastlands wanalikumbuka kabati la vioo la sebuleni, lile ambalo mtoto hakuthubutu kuligusa. Ndani yake mlikuwa na seti ya chai ya kauri, vikombe sita na visahani vyake, iliyotolewa kwa wageni wa heshima pekee: padri, mwalimu mkuu, wakwe waliokuja kuzungumzia mahari. Watu wa nyumbani walinyweshwa chai kwa vikombe vya bati vyeupe vyenye ukingo wa buluu. Juu ya kabati kulikuwa na redio, nayo imefunikwa kitambaa cha kufuma kwa mkono. Redio iliondoka ikaja televisheni, na siku hizi televisheni hiyo mara nyingi ni Samsung au LG. Kwa hiyo Korea imeingia katika nyumba nyingi za Eastlands kama jina lililoandikwa chini ya kioo. Ni watu wachache wanaojua kwamba nchi hiyo ina kisa chake kuhusu vyombo vya nyumbani, kisa ambacho mtu wa Kaloleni au Shauri Moyo angekielewa mara moja.

Kisa chenyewe kinaanzia Kyoto, Japani, ambako katika hekalu la Daitoku-ji kunahifadhiwa bakuli la udongo liitwalo Kizaemon. Rangi yake ni ya hudhurungi hafifu, kitako chake kinakwaruza, mng'aro wake una nyufa ndogondogo. Lilifinyangwa Korea karne kadhaa zilizopita, na leo ni miongoni mwa hazina za taifa la Japani. Mjapani Yanagi Sōetsu alipoonyeshwa bakuli hilo mwaka 1931 aliandika kwamba ni chombo cha kawaida kabisa, bakuli la maskini la kulia wali, na kwamba uzuri wake unatokana na ukawaida huo. Hayakuwa mapenzi ya siku moja. Wakati Korea ilipokuwa koloni la Japani, Yanagi alikuwa akikusanya vyombo vya watu wa kawaida wa Korea: mitungi, makabati ya mbao, meza ndogo za chakula. Mwaka 1924 alishiriki kufungua makumbusho ya sanaa hizo mjini Seoul, ndani ya kasri la Gyeongbokgung. Kwa wakati ule mkusanyaji wa kawaida alitafuta dhahabu na vyungu vya wafalme.

Wakorea wenyewe nao hawakukaa kutazama. Jeon Hyeong-pil, kijana aliyerithi utajiri mkubwa, aliamua kuutumia kuzuia mali za nchi yake zisihamishwe. Mnamo 1935 alinunua chombo cha kauri ya kijani chenye michoro ya korongo na mawingu, kazi ya enzi za Goryeo, kwa won 20,000. Fedha hizo zilitosha kununua nyumba 20 nzuri mjini Seoul. Watu wengi wangeona ni wazimu. Yeye alijua kwamba asipokinunua, kitavuka bahari. Mwaka 1938 akajenga makumbusho yake binafsi, na chombo kile bado kiko Korea.

Kenya ilikuwa na Jeon wake. Joseph Murumbi alizaliwa mwaka 1911 Eldama Ravine, baba yake mfanyabiashara Mgoa, mama yake Mmaasai, akasomeshwa India. Viongozi wa Kenya African Union walipokamatwa Oktoba 1952, alishika kazi ya katibu wa chama, kisha akaishi Uingereza kwa miaka mingi akipigania uhuru kwa kalamu na kwa mikutano. Huko London ndiko alikoanza kuona vitu vya Kiafrika vikiuzwa madukani kama mapambo yasiyo na mwenyewe, naye akaanza kuvinunua. Aliporejea nyumbani akawa Waziri wa Mambo ya Nje, na mwaka 1966 Makamu wa Rais, wadhifa alioushika kwa miezi michache tu kabla ya kujiuzulu. Rafiki yake Pio Gama Pinto alikuwa ameuawa kwa risasi Februari 1965, na waliomjua Murumbi walisema kifo hicho kilimwachia jeraha lisilopona.

Siasa zikampoteza, sanaa ikampata. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, pamoja na mkewe Sheila na Mmarekani Alan Donovan, alianzisha African Heritage jijini Nairobi, mahali pa kuuza na kuonyesha sanaa ya bara zima. Nyumbani kwake alikusanya vinyago, vitambaa, fanicha, vito, stempu, barua na maelfu ya vitabu, vikiwemo takriban 8,000 adimu vilivyochapishwa kabla ya 1900. Wanunuzi wa ng'ambo walimtolea bei kubwa. Alikataa, akaiuzia Serikali ya Kenya mkusanyiko huo pamoja na nyumba yake ya Muthaiga, kwa matarajio kwamba ingekuwa taasisi ya utafiti wa Afrika. Taasisi hiyo haikujengwa, na nyumba ikaishia kuvunjwa. Murumbi alifariki Juni 1990. Amezikwa City Park, karibu na Pinto.

Mkusanyiko ulinusurika, na sehemu yake kubwa iko mahali ambapo mtu wa Eastlands hupita karibu kila siku. Ni jengo la Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, lililojengwa mwaka 1906 kuwa benki, ambalo Nairobi nzima inaliita Archives. "Tukutane Archives" ni maneno yaliyosemwa na wachumba, wadeni, wacheza bendi na vijana wanaosaka kazi. Watu husimama pale wakitazama simu, karibu na sanamu ya Tom Mboya, kisha hupanda matatu za Buruburu, Umoja na Dandora. Nyuma ya ukuta wanaouegemea kuna vinyago vya Afrika Magharibi, nguo, silaha na samani alizozikusanya mtu aliyeamini kwamba Mwafrika anapaswa kuviona bila kupanda ndege. Kwamba wengi wamesimama pale miaka ishirini bila kuingia ni jambo la kusikitisha, na lawama si yao peke yao. Shule nyingi hazijawahi kuwapeleka.

Kukusanya kuna upande wake mchafu, nao lazima usemwe. Huko Pwani, vigango vya Wamijikenda, nguzo za mbao zinazosimikwa kwa heshima ya wazee waliokufa, viling'olewa usiku kwa miongo kadhaa vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara. Vilionekana Marekani vikiwa pambo la sebule na bidhaa ya mnada. Mwaka 2019 makumbusho ya Denver yalirudisha vigango 30 Kenya, na familia nyingine bado zinasubiri vyao. Kati ya mkusanyaji na mwizi, rangi ya mbao au uzuri wa nakshi havibadiliki. Kinachobadilika ni kama mwenye kitu aliulizwa, na kama jina lake liliandikwa.

Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inajaribu kulinda vitu vya kale visitoke nchini. Lakini kwa tafsiri yake, kitu cha kale ni kile kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Nairobi ilianza mwaka 1899, kambi ya reli kwenye kinamasi. Pumwani ilipimwa miaka ya mapema ya 1920, Kaloleni ikajengwa miaka ya 1940, Jericho karibu na uhuru. Waziri anaweza kutangaza vitu vingine vilindwe, lakini karibu kila kilichotengenezwa na mkono wa mtu wa Nairobi, kwa ajili ya maisha ya Nairobi, kimezaliwa baada ya tarehe inayohesabiwa na sheria. Hakuna askari wa forodha atakayeuliza habari za sanduku la bati lililogongwa Kamukunji mwaka 1962. Ulinzi wake ni nyumba lililomo.

Na nyumba zenyewe zinaondoka. Kaunti ya Nairobi imekuwa ikivunja mitaa yake ya zamani ili kujenga maghorofa, na mitaa ya Eastlands imo kwenye mipango hiyo. Watu wanahitaji makao bora, na vyumba vya mlango mmoja vyenye choo cha nje si kitu cha kukililia. Ila siku ya kuhama lori huwa dogo. Kabati la vioo halipiti kwenye ngazi za ghorofa ya tano, kwa hiyo linauzwa palepale kwa bei ya kuni. Ndivyo mitaa iliyopewa majina ya watu wake, Mbotela na Ofafa, na soko la Kariokor ambalo jina lake limetokana na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, vinavyobaki na majina tu huku vyombo vya waliokaa humo vikiyeyushwa.

Wapo wanaopinga mwelekeo huo bila fedha za Jeon wala cheo cha Murumbi. Vijana wanakusanya santuri za benga na rumba zilizochapishwa River Road. Wengine wanatafuta vyondo vya zamani huko Kariokor, vilivyosokotwa kwa mkonge kabla uzi wa viwandani haujaenea, na wanajua kuvitofautisha kwa kugusa. Anayeanza hahitaji zaidi ya macho na subira. Kikombe cha zamani hugeuzwa kwanza, kwa sababu kitako ndicho kinachoonyesha kilikotoka na namna kilivyotumika. Sanduku la bati halipakwi rangi mpya, kwani rangi mpya hufuta alama ya fundi. Pasi ya makaa haisuguliwi mpaka ing'ae. Na chombo kisicho na habari zake kimepoteza nusu ya thamani yake, hata kikiwa kizima. Bakuli la Kizaemon linabeba jina la mtu aliyewahi kulimiliki, na jina hilo limeshikamana nalo mpaka leo.

Kwa hiyo ombi ni dogo. Ikiwa mama au nyanya bado yuko, keti naye jioni hii mbele ya lile kabati. Muulize seti ya chai ilinunuliwa wapi, mwaka gani, kwa mshahara wa kazi gani, na nani alikuwa mgeni wa kwanza kuinywea. Andika majibu kwenye karatasi, weka tarehe na jina lake, uikunje ndani ya birika. Kisha Jumamosi moja, ukiwahi kufika mjini kabla ya mwenzako, usimsubiri nje ya Archives. Ingia ndani, umsubiri huko.