JE, TARISHI ANA RUHUSA YA KUUFUNGUA WARAKA?

Ndugu zetu wa Ukunda na Msambweni wametuletea suali ambalo kwa dhahiri yake ni la mafundi wa kompyuta, lakini kwa batini yake ni suali la amana. Wasema: mtu ana mtambo uitwao proksi, yaani kompyuta isimamayo baina ya watu na intaneti. Watu huipitishia maombi yao, nayo huyafikisha yaendako na kurudisha majibu. Maneno hayo yamefungwa kwa fumbo. Je, yampasa mwenye mtambo ayafungue kwanza ayatazame, asije akawa mshirika katika maovu, au ayapitishe kama yalivyo?

Na tuijue kazi yenyewe kwanza. Zamani mtu wa Vanga au Wasini akitaka kupeleka waraka Unguja, alimkabidhi nahodha. Nahodha alisoma jina lililoandikwa juu, akajua pa kuushusha, basi. Proksi isiyofungua ndivyo ifanyavyo. Simu ya mtu huiambia: niunganishe na mahali fulani, mlango nambari 443. Proksi huifungua njia, kisha hunyamaza. Yapitayo toka hapo ni vipande ambavyo haina ufunguo wake. Ufunguo hupatanwa na ncha mbili zenyewe kwa kanuni iitwayo TLS, ambayo toleo lake la 1.3 lilitolewa mwaka 2018. Ajabu ni kwamba hupatana mbele ya macho ya tarishi, naye asiweze kuutoa ufunguo katika hayo aliyoyaona.

Iko proksi ya namna ya pili. Hii hujifanya kuwa ndiyo mpokeaji: huvunja muhuri, husoma, kisha hutia muhuri wake na kupeleka mbele. Hayo hayawezekani illa chombo cha mtumaji kiwe kimetiwa cheti cha kuuamini muhuri huo wa pili, na yako maofisi na maskuli yafanyayo hivyo katika vyombo vyao. Programu mashuhuri iitwayo Squid yaweza kazi zote mbili, ni mwenyewe kuchagua. Basi lawama haiwezi kutupiwa chombo.

Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi wamesema kwamba aliyewekewa amana halipi kitu kikipotea pasipo yeye kupita mpaka wala kuzembea. Lakini akiwekewa mfuko uliotiwa muhuri, kisha akauvunja muhuri ule, dhamana yamwangukia. Mwenye proksi adhaniye kwamba kwa kufungua atajivua dhima, kwa kweli anajivika. Toka siku hiyo maneno ya siri ya benki ya watu, na khabari za ugonjwa ambazo mwanamke wa Diani amemwandikia daktari wake, zapita wazi katika chombo chake. Na mwizi akikiingilia chombo hicho azikuta zimekwisha kufunguliwa.

Watasema: na maovu, je? Mfano tunao karibu. Mwezi wa Novemba 2023, na tena Novemba 2024, Telegram ilizuiwa katika Kenya wakati wa mitihani ya KCSE, na sababu ilikuwa wizi wa mitihani. Walikuwako walioizunguka marufuku kwa proksi na VPN. Katika njia kama hiyo aweza kupita muuza mitihani. Aweza pia kupita kijana aliye kazini Uarabuni akimjulia hali mamake Tiwi. Hatusemi kwamba wizi wa mtihani ni jambo dogo. Humnyang'anya mtoto wa maskini aliyekesha na kitabu chake. Twauliza tu kama ni haki kuufungua waraka wa huyu kijana kwa kumtafuta yule muuzaji.

Wapendao kufungua kila kitu hutaja kisa cha Hatib bin Abi Baltaa. Kabla ya kufunguliwa Makka, mwaka wa 8 wa Hijra, alimpa mwanamke mmoja waraka wa kuwapasha Makuraishi khabari, na Mtume (s.a.w.) akawatuma Sayyidna Ali na wenzake wauchukue kwake mahali paitwapo Rawdhat Khakh. Lakini kisa hiki chawapinga wenyewe. Mtu alijulikana, mahali palijulikana, na waraka ulikuwa mmoja. Misafara yote ya njia ile haikufunguliwa mizigo yake. Na aya ya 12 ya Sura ya Hujurat imekataza dhana nyingi na kupeleleza. Kadhalika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 31, imeilinda siri ya mawasiliano ya mtu.

Liko jambo ambalo hata waaminifu hulisahau, nalo laturudisha kwenye bahasha. Proksi isiyofungua yajua nani amepiga hodi, saa ngapi, na mzigo wa kiasi gani. Na jina la mahali aendako aghlabu huenda wazi katika ujumbe wa kwanza. Mitambo mingi huyaandika haya katika daftari. Mtu aweza kuapa kwamba hajapata kusoma waraka wa mtu, ilhali daftari lake laonyesha nani huandikia hospitali ya maradhi gani kila usiku. Akilitoa barazani, amefanya khiyana ile ile.

Kwa hivyo jawabu letu kwa muulizaji ni hili. Apitishe bila ya kufungua. Daftari liandike yale tu ambayo mtambo hauwezi kwenda bila ya hayo, na lifutwe upesi. Akiwa na yakini, si dhana, kwamba fulani apitisha dhulma, ana haki ya kumkatalia njia. Nahodha naye aweza kusema mzigo huu siupakii, na kukataa kupakia si kufungua. Akijiwa na amri ya mahkama juu ya mtu maalumu, atoe kilichomo daftarini. Ama ya ndani ya waraka, aseme kweli kwamba ufunguo hana.

Suali la pili la ndugu zetu, la mzazi na simu ya mwanawe, lina hukumu zake mbali. Tutalijibu katika darasa lijalo, inshaallah.