Kusifu na Kudhamini

Katika maisha yangu ya ualimu niliandika barua nyingi za kuwadhamini watu. Kijana aliyetaka kazi katika mgodi wa almasi wa Mwadui, binti aliyeomba nafasi ya uuguzi, mwalimu aliyetaka kwenda chuoni kujiendeleza, wote walipiga hodi kwangu, wakaamkia, wakaomba niwasemee neno. Nilikuwa na desturi moja: sikuandika siku ile ile. Nilimwambia mwombaji arudi baada ya siku mbili, na usiku nilijiuliza, je, nikiitwa kuyatetea haya ninayoyaandika, nitasimama? Wako niliowakatalia, na mmoja wao mpaka leo hanisalimu.

Mtu niliyekuwa mgumu kiasi hicho kwa kalamu ndiye niliyekuja kuwa mwepesi kwa kidole gumba.

Mwaka 2022 kijana mmoja niliyemfundisha zamani alitangaza katika Facebook kwamba yeye na wenzake wana duara la dhahabu upande wa Geita. Walikaribisha watu wachangie gharama za kuchimba, kisha wagawane faida mawe yatakapotoka. Palikuwa na picha ya vijana waliovaa kofia ngumu, wakicheka. Nilifurahi kumwona mwanafunzi wangu amekuwa mtu mzima mwenye shughuli yake. Nikabonyeza kitufe cha kupenda, nikaendelea na kazi zangu. Kwangu mimi ile ilikuwa salamu tu. Huku kwetu Usukumani mtu akikuambia "Mwangaluka", huwezi kumnyamazia.

Miezi kadhaa baadaye alinijia mwalimu mwenzangu, mstaafu kama mimi. Alikuwa amewapa vijana wale sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake, na sasa simu zao hazipatikani. Tulisafiri pamoja hadi Geita. Tulikuta shimo lililojaa maji, na leseni ya eneo lile ikiwa na jina la mtu mwingine kabisa. Tukiwa ndani ya basi la kurudi, mwenzangu aliniambia, wala hakuwa na hasira: "Mwalimu, mimi nisingetoa hata shilingi moja. Lakini niliona jina lako pale chini. Nikasema, huyu hawezi kutia jina lake mahali asipopajua."

Tangu siku hiyo swali hili halijaniacha: kubonyeza kile kitufe ni kusalimu, au ni kudhamini? Na anayeamua ni nani, aliyebonyeza au aliyeona?

Ndugu msomaji, hapana budi kwanza tukielewe chombo chenyewe. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin walianzisha kampuni ya Google juu ya wazo jepesi: ukurasa unaotajwa na kurasa nyingi yamkini una manufaa zaidi, hasa ukitajwa na kurasa ambazo nazo zinaheshimiwa. Kila kutajwa kulihesabiwa kama kura. Februari 2009 Facebook walileta kitufe cha kupenda, na Aprili 2010 wakaruhusu kiwekwe hata katika kurasa za watu wengine. Mwaka 2011 Google nao walileta kitufe chao cha "+1", hivi kwamba mtu akitafuta jambo aliweza kuona, chini ya jibu, majina ya jamaa zake waliolipendekeza. Mtandao wao wa Google+ ulifungwa mwaka 2019, lakini wazo lenyewe halikufa. Binadamu akitafuta njia, huangalia kwanza ni nani anayemfahamu aliyekwisha kupita.

Wafanyabiashara walilitambua hilo kabla yetu. Mwaka 2011 Facebook walianza kutoa matangazo yaliyobeba jina na picha ya mtu aliyependa bidhaa fulani, yakaonyeshwa kwa rafiki zake. Baadhi ya watumiaji huko Marekani walishtaki kwamba majina yao yametumiwa bila ridhaa wala malipo, na mwaka 2013 mahakama ya California iliidhinisha suluhu ya dola milioni 20. Hapo ndipo tunapoona kuwa jina la mtu lina bei. Kama halina uzito, kwa nini lilipiwe?

Mwaka huo huo wa 2013 wataalamu watatu, Muchnik, Aral na Taylor, walichapisha jaribio lao katika jarida la Science. Katika tovuti moja ya habari walichukua maoni ya wasomaji, na bila kujali uzuri wala ubaya wake, baadhi wakayapa kura moja tu ya kuyaunga mkono. Msomaji wa kwanza aliyefuata alikuwa na uwezekano zaidi kwa asilimia 32 wa kuyaunga mkono vilevile, na mwishowe alama zake zilizidi kwa wastani wa asilimia 25. Kidole kimoja cha bure kiliwavuta wengine wasio na habari.

Sisi wa Shinyanga hatukuhitaji wataalamu kutufundisha hilo. Tumewazika bibi zetu waliouawa kwa kuwa na macho mekundu, mekundu kwa moshi wa miaka mingi jikoni. Mmoja alinong'ona kuwa ni mchawi, wa pili akaitikia, na kufika wa kumi hakuna tena aliyeuliza wa kwanza alijuaje. Husemwa wengi wape, nayo ni busara katika kugawana na kuamua mambo ya pamoja. Lakini wingi wa vidole haujawahi kuwa ushahidi.

Vijana watanijibu kwamba mwenzangu ni mtu mzima, naye alipaswa kwenda ofisi ya madini kuulizia leseni kabla ya kutoa fedha. Ni kweli. Watasema pia kwamba kila kupenda kukiwa kiapo, hakuna atakayethubutu kumpongeza mwenzake hata kwa harusi. Hilo nalo ni kweli. Picha ya mtoto mchanga haimpotezi mtu.

Hata hivyo, naona kuwa uzito wa neno haupimwi kwa nia ya msemaji peke yake. Hupimwa pia kwa imani ya msikilizaji. Mtu aliyekuwa mkuu wa shule kwa miaka mingi amekwisha kuwafundisha watu wamwamini. Imani hiyo haistaafu siku anayostaafu yeye. Na kile chombo hakikuipokea nia yangu. Hakikuandika "amesalimu". Kiliandika jina langu, kikajumlisha moja, kikaenda kumwonyesha mwenzangu. Kwa hiyo palipo na fedha, dawa, au sifa ya mtu mwingine, kubonyeza bila kuchunguza ni kutia sahihi katika barua usiyoisoma.

Nilimwambia mwenzangu nitamlipa nusu. Alikataa, akasema, "Hukuniambia nitoe." Nikamjibu, "Hukuona jina la mtu mwingine unayemwamini." Mwishowe alikubali mtamba mmoja kutoka zizini kwangu, wa pili akamrudisha. Sijui kama kipimo hicho kilikuwa cha haki. Najua tu kwamba kama nisingetoa kitu, nisingeweza kumtazama usoni msibani wala sokoni.

Siku hizi mwanafunzi wangu wa zamani akitangaza biashara, nampigia simu nimjulie hali. Salamu hupita hapo, wala haimdhamini mtu. Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ila kibaya hakitembei kwa miguu yake mwenyewe. Huomba ya watu wema, na mara nyingi huazimwa bila kuulizwa kinakwenda wapi.