Moto wa Pili



Leo naongea kuhusu visu. Msicheke, Injili inakuja.

Kuna mashindano Marekani ya kukata kwa visu. Nimeyafuatilia sana kwenye simu, bando langu linajua. Mtu anakata mbao ya mbili kwa nne kwa kuipiga mapigo ya haraka haraka, anaruka kwenye kamba nene inayoning'inia, hiyo ni pigo moja tu, halafu chupa za maji, mpira wa gofu, hata mrija wa soda. Bapa la kisu lisizidi inchi 10, kisu kizima kisizidi inchi 15. Na ni kisu kilekile mwanzo mpaka mwisho! Mbao inataka kisu kinachovumilia kipigo, mrija unataka wembe. Kupata vyote viwili kwenye chuma kimoja ndiyo kazi yenyewe.

Wahunzi wengi wa kule hupenda chuma cha aina ya springi za magari. Hapo nilitabasamu, maana wahunzi wa kwetu nao hupita gereji kutafuta springi chakavu za kufulia mapanga.

Sasa nisikilizeni hapa. Chuma kikishapigwa kwenye fuawe kikapata umbo, hurudishwa tanuruni mpaka kiwake, mpaka sumaku isikishike tena, kisha kinazamishwa kwenye mafuta. Fsss! Kikitoka humo ni kigumu ajabu. Ukipitisha tupa inateleza tu. Mimi nisiyejua ningesema kisu kimekamilika, tutie mpini twende shindanoni. Mhunzi anajua kwamba hapo ndipo kisu hakifai kabisa. Ni kigumu kama kioo. Kikidondoka sakafuni kinaweza kukatika vipande viwili.

Kwa hiyo kinarudi kwenye moto. Lakini moto huu wa pili ni mdogo, nyuzi 200 hivi, joto la kuokea mkate. Kinakaa humo kama saa mbili, kinatolewa, na wengi hukirudisha tena mara ya pili au ya tatu. Kinapoteza ugumu kidogo, na mhunzi anakubali hasara hiyo kwa moyo mweupe, kwa sababu sasa kinaweza kupigwa kisivunjike. Wengine hulainisha mgongo wa kisu zaidi, makali wakayaacha yabaki magumu.

Wahunzi wa visu wa Marekani wana chama, American Bladesmith Society, kilichoanzishwa mwaka 1976. Mtihani wao unanitisha. Kisu chako kinakata kamba ya inchi moja kwa pigo moja, kinakata mbao ya mbili kwa nne mara mbili, kisha bado kiweze kunyoa nywele za mkono. Ukidhani umemaliza, kinabanwa kwenye jiliwa, ile vaisi ya fundi, na kupindwa mpaka nyuzi 90. Kikikatika, umefeli, hata kama kilinyoa vizuri namna gani.

Kiswahili chetu kinatutega hapa. Kisu ni kikali, mwalimu ni mkali, na mtaani tukimsifu mtu tunasema jamaa mkali huyo. Basi tunadhani imani nayo ni kuwa mkali.

Nilikuwepo kwenye mkutano wa vijana ambapo kaka mmoja, ametoka mafungo juzi tu, bado anawaka, alimkemea dada mmoja mjamzito mbele ya wote. Maneno yake kuhusu usafi wa moyo yalikuwa ya kweli, Kanisa linayafundisha. Dada alinyamaza, akachukua mkoba wake, akaondoka. Miezi michache baadaye padre alimsahihisha huyo kaka kuhusu jambo dogo tu la kwaya. Naye akaondoka. Sijamwona kanisani tangu hapo.

Someni Yohane sura ya 18. Petro anachomoa upanga bustanini na kumkata Malko sikio. Mkali kweli! Usiku huohuo msichana mmoja wa mlangoni anamuuliza swali moja, na Petro anakatika. Hakupigwa na askari, aliulizwa tu. Yohane anataja kwamba pale Petro alipokuwa akiota moto palikuwa na makaa.

Halafu nendeni sura ya 21. Makaa tena, ufukweni, asubuhi, na samaki juu yake na mkate. Katika Injili yote ya Yohane moto wa makaa unatajwa mara hizo mbili tu. Yesu hapazi sauti. Hamuulizi kuhusu usiku ule. Kwanza wanakula. Kisha anamuuliza kama anampenda, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na Petro anahuzunika, lakini safari hii havunjiki. Ndipo anapokabidhiwa kondoo, na anaambiwa kwamba akizeeka mwingine atamfunga na kumpeleka asikotaka. Mapokeo ya Kanisa yanasema alisulubiwa Roma, kichwa chini. Huko ndiko kupindwa, jamani.

Sisemi tuwe vuguvugu. Chuma ambacho hakijawahi kuwaka na kuzimishwa hakidumu na makali, na moto wa pili hauondoi makali. Ninachosema ni kwamba mafungo, kongamano, hata Kipaimara, vinatutoa tukiwa tunawaka, na wengi wetu tunakimbilia shindanoni siku hiyohiyo. Moto mdogo haupigiwi makofi. Ni foleni ya kitubio Jumamosi jioni, ni kukaa jumuiyani na mama anayerudia nia ileile ya sala kila wiki, ni kusahihishwa na mtu unayemzidi elimu ukabaki umekaa kwenye kiti chako.

Mtoto wa yule dada sasa anatembea. Mama yake bado hajarudi kikundini, ingawa juzi alipokea simu yangu na tuliongea kidogo. Wiki hii naomba mtolee fumbo moja la rozari kwa ajili yake, na jingine kwa ajili ya yule kaka.