Tulimcheka Nani?

Kuna siku nilicheka hadi nikashika mbavu, na kicheko kile kinanidai mpaka leo.

Video iliingia kwenye simu. Kuli mmoja, mtu mzima, pale Mwaloni Kirumba, anashuka kwenye ubao na gunia la dagaa kichwani. Ubao unateleza, mzee puu! kwenye tope, gunia linapasuka, dagaa wanammwagikia mpaka usoni. Anayerekodi anacheka hadi picha inatikisika. Nami nikacheka. Nikawarushia washikaji, nao wakawarushia wa kwao. Wiki hiyo hiyo nikapita Mwaloni, nikamkuta mzee kakaa juu ya kreti tupu, goti limefungwa kitambaa. Nilimtambua kwa kofia. Nikapita kama sijamwona.

Usiku ule nilimkumbuka King Majuto.

Amri Athuman, maana ndilo jina lake hasa, alizaliwa Tanga mwaka 1948 na akachekesha watu kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wetu tunaosoma ukurasa huu. Naye alikuwa akianguka. Alipigwa, alifumaniwa, alikimbizwa na msuli ukimponyoka. Mbona kwa yeye nilicheka nikalala usingizi, na kwa kuli yule usingizi ukagoma?

Watu wa rika langu wana jibu la haraka: televisheni ya zamani ilikuwa na adabu, ya leo imeharibika. Sikatai moja kwa moja. Bara tuliipata kwa kuchelewa. Zanzibar walikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, sisi vituo vya kwanza vikaanza 1994. Mtaani kwetu Mabatini ilikuwepo moja tu, ya mama mmoja muuza vitenge, ikitumia betri ya gari umeme ukikatika. Jioni aliigeuza ielekee dirishani, sisi watoto tukajazana nje, mmoja akitumwa kuzungusha mlingoti wa antena chenga zikizidi. "Hapo hapo! Usiguse!" Tulimwona Mzee Small, Said Ngamba, aliyefariki mwaka 2014. Tulimwona Majuto. Bibi yangu, Msukuma ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji, alianza kucheka Majuto akiwa hajafungua mdomo. Uso ule ulimtosha. Baadaye Star TV ya hapa hapa Mwanza ikatuletea Futuhi, tukajua kumbe kichekesho si lazima kitoke pwani.

Lakini tusidanganyane. Nimezitazama upya zile kazi za Majuto. Zipo ambazo mtumishi wa ndani anatongozwa na baba mwenye nyumba na sisi tunatakiwa tuone raha. Zipo ambazo mke hana kazi ila kufokewa. Upole tunaoukumbuka, sehemu yake ulikuwa wa yule mama aliyegeuza televisheni, na wa bibi aliyecheka kwa meno mawili. Ukiuondoa umati ule dirishani, vichekesho vingine vinabaki vikavu.

Kwa hiyo jibu halimo kwenye televisheni. Mimi nalitafuta kwenye utani.

Wazee wetu wa Usukuma na Unyamwezi walikwenda pwani kwa miguu, kwenye misafara ya karne ya 19, na njiani makabila yakafanyana watani. Mtani anakutukana mbele ya wakweo, anakunyang'anya kofia, na huna ruhusa ya kununa. Hata msibani anakuja kumwigiza marehemu, jinsi alivyotembea, jinsi alivyokuwa bahili, mpaka mjane anacheka huku machozi yanamtoka. Ila mtani huyo huyo ndiye mwenye kazi msibani. Anahangaika na shughuli za mazishi wakati ndugu wa damu wamekaa chini wanalia. Haki ya kukucheka ameilipia kwa wajibu huo, na kesho ni zamu yako kumcheka yeye na kumzika. Asiye na wajibu huo akikucheka, huyo si mtani, ni mfedhuli tu.

Majuto alituingia kama mtani. Alijitoa mwenyewe tumcheke: ubahili wake wa kuigiza, wivu wake, uzee wake usiotaka kuzeeka. Alianguka kwa hiari, akijua anaangukia wapi. Kuli wa Mwaloni hakuniomba nimcheke. Hakunijua hata jina.

Ningeishia hapo ningelala vizuri, bwana. Tatizo ni kwamba utani una pande mbili. Majuto alitimiza upande wake, je, sisi? Mwaka 2018 aliugua, akapelekwa India kutibiwa. Ni wakati huo ndipo nchi ilipoanza kuulizana kuhusu mikataba ya wasanii, ya kwake ikiwemo, hadi waziri mwenye dhamana ya sanaa, Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kuipitia. Uso uliomchekesha bibi yangu bila maneno ulikuwa umetumika kwenye matangazo ya biashara, na mwenye uso alikuwa kitandani. Tarehe 8 Agosti mwaka huo alifariki Muhimbili, akazikwa kwao Tanga. Mimi nilituma salamu za rambirambi kwenye kundi la simu. Maneno mawili na alama ya machozi. Na filamu zake zote nilizowahi kuwa nazo nilikuwa nimenakili kwa rafiki. Sikumbuki kununua hata moja.

Sasa sioni tena tofauti kubwa niliyojisifia kati ya vicheko vyangu viwili. Mmoja alinipa kicheko, mwingine nilimwibia, na wote wawili sikuwalipa.

Mwezi uliofuata nilirudi Mwaloni asubuhi, makusudi. Goti lilikuwa limepona, au alijifanya limepona. "Mwangaluka, baba." Akaitikia vizuri, akaniangalia juu mpaka chini, akaniuliza mzigo wangu uko wapi aniwahishie.

Sikuwa na mzigo.