Ramadhani, siku ya 18: Ncha ya kamba



Ndugu yangu uliyefunga, leo ukipita Kariakoo mtazame muuza kamba za manila. Akishamkatia mteja kipande, anawasha kiberiti na kuichoma ncha. Asipoichoma, kamba inafumuka yenyewe kabla hujafika nayo nyumbani.

Subhanallah, mwilini mwako zimo ncha kama hizo. Karibu kila seli yako ina kromosomu 46, nyuzi zilizobeba urithi wa baba na mama, na kila uzi una kinga kwenye miisho yake miwili. Wataalamu wanaiita telomea. Seli inapojigawa, telomea hupungua kidogo, na ikishakuwa fupi mno seli huacha kujigawa. Kwa kugundua jinsi kinga hii inavyofanya kazi, Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009. Nasi tulishakumbushwa katika Surat Yasin, aya ya 68, kwamba anayepewa umri mrefu umbo lake hurudishwa nyuma. Magoti yetu kwenye tarawehe yanashuhudia!

Sasa sikiliza. Mwaka 2024 ulitoka utafiti uliopima telomea za watu wazima 1,818 wa Tanzania, Botswana, Ethiopia na Kameruni. Karibu nusu ya tofauti kati ya mtu na mtu ilitokana na urithi. Na kwenye malaria nyingi, telomea zilikuwa fupi zaidi. (Basi chandarua nacho ni kutunza amana, msikidharau.) Miaka 20 kabla yake, kule Marekani, Elissa Epel na Blackburn waliwapima wanawake 58, wengi wao mama wanaouguza watoto wenye maradhi ya muda mrefu. Waliojiona wamelemewa zaidi na dhiki ndio waliokuwa na telomea fupi zaidi. Ipo na fani ya epijenetiki, inayochunguza alama zinazokaa juu ya vinasaba na kuviwasha au kuvizima bila kubadili herufi hata moja. Moshi wa sigara, kwa mfano, unaacha alama zake humo.

Yaani tunayoyabeba kifuani hayabaki kifuani.

Mtume, rehma na amani zimshukie, alitufundisha, kama walivyopokea Bukhari na Muslim, kwamba anayependa akunjuliwe riziki na arefushiwe umri, basi aunge udugu. Sisemi maabara imeithibitisha hadithi. Hadithi haingoji maabara, na wale hawakupima kuunga udugu. Wanazuoni wenyewe wapo waliosema ni umri hasa, na wapo waliosema ni baraka ndani ya umri. Wala telomea ndefu si mkataba na Malaikat Maut. Ghorofa lilipoporomoka hapa Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, waliofariki walikuwa wametoka nyumbani asubuhi wakiwa wazima. Mungu awarehemu.

Mimi ninayekuandikia nina kaka yangu mkubwa, baba mmoja mama mmoja. Tuligombana kwa ajili ya fremu aliyotuachia marehemu mzee. Hii ni Ramadhani ya pili tunaswali msikiti mmoja, yeye anatokea mlango wa mbele, mimi wa nyuma. Nikimwona tu moyo unanienda mbio, na usiku nagombana naye peke yangu mpaka daku. Nimekuwa nikiposti darsa hapa kila siku, kuhusu subira, kuhusu sadaka, na hili nimelikwepa siku 17.

Wewe wako ni nani? Shangazi? Mdogo wako uliyemfuta kwenye simu?

Nimemwomba mama watoto apike mihogo ya nazi, kaka anaipenda tangu utotoni. Magharibi nitakuwa mlangoni kwake. Akifungua au asipofungua, kesho nitawaambia hapa hapa. Niombeeni.